Uongo wa Darasani Umekausha Bomba, Sasa Mwalimu Afukuzwe?

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nimesimama kwenye meza ya pasi kwa sababu nikikaa nitalia, kikao cha wazazi ni mwisho wa mwezi huu na mpaka sasa sijui nifungue mdomo au niufumbe, nisaidie.

Mimi ni dobi, nafulia nyumbani, na binti yangu yuko darasa la sita kwa mwalimu ambaye sijawahi kuona mfano wake, maana yeye hawaambii watoto wasiamini ya mtandaoni halafu basi, anawafundisha kuupika huo uongo wenyewe, kila mtoto atunge taarifa ya kutisha, aipambe kwa "imethibitishwa" na "sambaza haraka", kisha darasa zima liichambue, nani kasema, kajuaje, mbona anatuharakisha, na sharti lake ni kwamba chini ya kila karatasi iandikwe kuwa hili ni zoezi. Juzijuzi baba mtu kaletewa video ya daktari anayeuza dawa moja ya magonjwa yote, mtoto akamuuliza kwa adabu tu, "Baba, huyu daktari anatibu hospitali gani?" na mume wangu akakodoa macho, dawa hakununua.

Basi mwanangu akatunga ya kwake, kwamba maji ya bomba yatafungwa mtaa mzima kwa ukarabati, akanisomea mimi wa kwanza, nikacheka nusura niunguze shati la mteja, akaiacha mezani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja kuchukua nguo zake akaipiga picha, nikadhani anataka kumwonyesha kaka yake mwandiko wa mtoto, kumbe kaituma kwenye kundi la mtaa, na ule mstari wa chini haukuingia kwenye picha. Watu wakajaza ndoo, masufuria, mpaka mabeseni ya kuogeshea watoto, na mimi nikajaza mapipa yangu yote maana kazi yangu ni maji, na kwa kuwa tulifungua wote kwa pamoja, jioni bomba zikakauka kweli, watu wakasema mnaona, wakasambaza tena, hata ikasahaulika nani aliyeituma kwanza!

Ilipojulikana kuwa habari imetoka darasani, wazazi wakawaka, wanataka mwalimu aondolewe kwa kufundisha watoto uongo, na anayewaongoza ni huyo huyo wifi yangu, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mwalimu kaulizwa karatasi ni ya mtoto gani, kakataa katakata kumtaja. Nilipomnong'oneza wifi kwamba nitasema picha ni yake, akasema nikithubutu nitakuwa nimemvua nguo hadharani na nisahau njia ya kwake, mume wangu naye anasema nisimwingize kati yangu na dada yake. Na mtoto hali vizuri, anaamini yeye ndiye aliyemponza mwalimu wake. Nifanyeje?

Dobi Njia Panda

MSHAURI ANAJIBU

Dobi, kabla ya yote niache nimvulie kofia huyo mwalimu. Kutwa nasoma barua za watu walioaminishwa upuuzi na simu zao, na leo nasikia kuna mtu anawafungulia watoto jiko waone upuuzi unavyopikwa. Tena yuko tayari kupoteza kazi kuliko kumtaja mwanao. Mtu wa namna hiyo mtaa mzima ungepaswa kumlinda, na wewe bado unapima wifi atanuna kiasi gani. Pole kwa uliyonayo, lakini hapo umenikera.

Wifi yako si shetani. Aliona habari ya maji, akashtuka, akataka kuokoa majirani. Sasa ana aibu, na mwenye aibu akishika uenyekiti hupiga kelele kuliko wote. Namwelewa. Ila kumwelewa si kumwachia amzike mtu kwa kosa lake.

Sasa nikuulize wewe. Barua yako nimeirudia, na kuna mahali umepita mbio. Mtoto alikusomea zoezi, ukacheka. Kwa hiyo ulijua fika kwamba ni uongo. Habari ilipofika kwenye simu, ulijaza mapipa kwa nini? Nitakujibia: kwa sababu majirani wote walikuwa wanajaza, na ukaogopa kubaki peke yako na akili zako. Hata mimi huenda ningejaza. Ndiyo maana hilo somo halitoshi kuelezwa mara moja, linahitaji mazoezi, na linahitaji yule mwalimu.

Leo hii mkalishe mwanao, mwambie kazi yake ilikuwa safi na mwalimu hafukuzwi kwa ajili yake. Kesho nenda kwa wifi, peke yako, bila mumeo. Mwambie kwa heshima kwamba kikaoni utasema, na kwamba unampa nafasi asimame yeye kwanza. Akikufukuza, toka taratibu, na siku ya kikao uende.

Ukifika mbele usianze na picha aliyopiga wifi. Anza na mapipa. Waambie wazazi, "Mimi nilijua ni uongo, na bado nilijaza." Watacheka, kisha kila mmoja atakumbuka ndoo zake. Hapo ndipo umgeukie wifi yako, na umpe nafasi asimame akiri ya picha, akiwa na mwenzake aliyekwisha kukiri.