Salma Bado Ananyonya, Mama

Gahanga, Kigali

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umeamka vizuri, na lile goti lako liwe limeacha ukorofi. Sisi huku hatujambo. Mkweo Swaleh anakuamkia. Mjukuu wako Salma ndiyo usiseme, anapanda na kushuka kilima hiki kama mbuzi, mimi nyuma yake natweta. Mvua inanyesha kila alasiri, nguo hazikauki.

Utashangaa, siku hizi nani anaandika barua? Mama, wewe ukipokea simu unaweka sauti kubwa, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi anachangia! Juzi nimesema tu, "Mama, nilienda kliniki," nikamsikia baba mdogo anadakia, "Kliniki kuna nini tena?" Nikameza maneno. Mambo ya leo ningeyapitisha kwa shangazi, maana si ya mtoto na mamaye, lakini nimeamua kuivua aibu. Vaa miwani usome mwenyewe, usimpe mdogo wangu Idi akusomee.

Shubiri uliyotuma kwa basi ilifika, ahsante. Nilipaka kama ulivyoagiza. Salma akaonja, akakunja uso, akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki mbovu. Halafu akavuta pindo la kanga yangu, akalifuta ziwa taratibu, akaendelea kunyonya! Swaleh alicheka mpaka akakaa chini. Sikupaka tena, mama, usininunie. Mtoto ana mwaka na miezi minane, na mimi nilikwishanuia kumfikisha miaka miwili kamili.

Ulinikanya nisiguse dawa ya kupanga uzazi mtoto angali ziwani, kwamba ama nimwachishe ama nisubiri. Lakini kusubiri ndiko kulikotaka kunitoa roho. Nilikuwa nimeshika yale uliyoniambia, kwamba anayenyonyesha hashiki mimba haraka, nikajiachia. Siku zangu zilikuwa zimesharudi tangu Salma aanze kula ugali na maharage, na bado nikajiona niko salama. Basi mwezi mmoja zikapitiliza. Ofisini kwetu tunatoa mizigo ya bandarini, karatasi hazitaki mchezo, nami kwa mawazo nikapeleka karatasi za sukari kwa mteja aliyeagiza vigae. Kipimo cha mimba kiliposema hakuna kitu, nilikaa chooni nikalia kama mwendawazimu. Simkatai mtoto mwingine, mama. Namtaka, ila si sasa, Salma akiwa bado ananililia hivi.

Swaleh ndiye aliyesema twende wote kituo cha afya. Muuguzi alitupokea vizuri, Kiswahili chake cha Kigali hiki hiki tulichokizoea. Akauliza, "Maman, mutoto iko na myezi ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Kunyonyesha inakinga pale mutoto bado mudogo, hajamaliza myezi sita, anakunywa ziwa tu, na damu haijarudi. Wewe hiyo iliisha zamani, ntakibazo, tutafute ingine." Ntakibazo ndiyo hakuna shida kwa Kinyarwanda, na kwa kweli nililihitaji neno hilo.

Nikamuuliza swali lako, mama: maziwa hayataharibika? Akasema hapana. Dawa hupita kidogo sana kwenye maziwa, na haijaonekana kumdhuru mtoto. Vile vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili huweza kuwapunguzia maziwa baadhi ya wanawake, ingawa kwa mtoto mkubwa anayekula chakula si hatari. Vyenye homoni moja havina neno, ila vinataka saa ile ile kila siku. Mimi huyu anayesahau chai jikoni mpaka sufuria inaungua? Sindano nayo, ukiiacha, uzazi unaweza kukawia kurudi. Nikachagua kijiti, kile wanachokiweka chini ya ngozi ya mkono. Nikitaka mtoto, kinatolewa. Swaleh aligeuza uso ukutani wakati wa kukiweka, eti anasoma bango. Mwanaume mzima!

Sikufichi, damu sasa inakuja inapojisikia, mara matone, mara kimya, na wiki za mwanzo kichwa kiliniuma. Muuguzi alikwishanionya, akasema ikinizidi nirudi. Lakini Salma ananyonya vilevile, mashavu yamejaa.

Sasa mama, kaa vizuri. Nilipofika mlangoni nilirudi nikakaa tena, nikamuuliza muuguzi habari za Athumani wetu.

Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka. Ulikuwa na mimba ya Idi, Athumani bado ananyonya. Wanawake wa uani wakakulazimisha umwachishe siku hiyo hiyo. Akaanza kuharisha, miguu ikavimba, homa haikushuka, na hakumaliza mwezi. Walikaa kwenye jamvi la msiba wakisema umembemenda mwanao, kwamba umembebea mimba akiwa ziwani, maziwa yakageuka sumu. Hawakunong'ona hata kidogo. Wewe ulikuwa unaosha sahani, na hukuinua uso. Ndiyo maana unaniogopea. Nilikuwa nadhani unanigombeza, kumbe miaka yote hii unatetemeka.

Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kujua ugonjwa wa mtoto ambaye hakumwona, labda tumbo, labda malaria. Lakini jambo moja analijua: maziwa ya mama mwenye mimba si sumu, wala mtu na mumewe kulala pamoja hakumdhuru mtoto anayenyonya. "Mwambie mama yako," akaniambia, "maziwa yake ilikuwa mazuri."

Basi nakwambia mimi mwanao. Maziwa yako yalikuwa mazuri. Hukumbemenda Athumani, mama. Alikuwa mgonjwa, na wewe ulifanya ulichoambiwa na watu wazima kwa sababu ulitaka apone.

Nisalimie shangazi, mwambie kazi yake nimeifanya mwenyewe leo. Baba mdogo mpe salamu, akiuliza mwambie kliniki hakuna kitu. Na Idi, fundi wetu wa pikipiki, mkumbatie kwa niaba yangu. Hata yeye asije akadhani kuzaliwa kwake kulimtoa mwenzake roho.

Nina ombi moja tu. Nikija likizo, unisimulie Athumani. Alicheka vipi, alipenda kula nini, alianza kutamka neno gani. Tangu tumzike sijakusikia ukilitaja jina lake, na mimi nataka Salma amjue mjomba wake.

Akupendaye,
Mwanaidi