Shati la Maua Ndani ya Trekta la Baba Mkwe

Ndugu yangu, usinipigie. Nimejifungia chooni kwa wakwe, nakuandikia haraka haraka.

Lile trekta kuukuu la bustani la baba mkwe, nililomtengenezea pampu mwezi uliopita. Leo limegoma kuinua mashine ya kukatia nyasi. Nikapima presha ya haidroliki, yale mafuta yanayosukuma mkono wa kuinulia, mshale umelala kabisa.

Na huu mdomo wangu usio na breki! Mbele ya mama mkwe na mashemeji wote nikasema, "Mzee, umeweka mafuta mabovu. Pampu umeiua kwa mikono yako."

KWA MIKONO YAKO. Kwa baba mkwe!

Mzee wa watu akainama. "Nisamehe, mwanangu. Siku hizi maandishi ya kopo siyaoni vizuri."

Yaani yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Wengine wakaingia ndani, tukabaki wawili. Nikafungua bomba linalovuta mafuta kutoka kwenye tangi. Mdomoni limezibwa na tambara. Nalivuta, naona maua mekundu.

Unalikumbuka lile shati langu, ulilonicheka mpaka nikalichana matambara ya kazi? Ndilo! Nililizibia tangi siku ile ya pampu, vumbi lisiingie. Nikalisahau, likatumbukia.

Mzee akaliona. Alilichukua akalitia mfukoni, mafuta yakamchuruzika mpaka gotini.

Mama mkwe akatoka kuuliza tumefikia wapi.

Mzee akamjibu, "Mkweo alisema kweli. Ni yale mafuta yangu."

Na mimi nikanyamaza. Ndugu yangu, nikanyamaza.