Kioo cha Kona ya Gihundwe

Jumanne, usiku

Bado naona walivyokaribiana.

Pale kona ya Gihundwe pana kile kioo kilichobinuka, cha kusaidia magari yaonane. Nilikuwa sijaifikia kona nilipomwona mke wangu, Mariamu, ndani ya kioo, amesimama na Saidi, fundi cherehani, bega kwa bega. Mariamu aliinua macho kwenye kioo, akaendelea kucheka. Nikageuka, nikapita njia nyingine.

Nyumbani hacheki hivyo.

Sasa hivi nimechukua rula ya binti yetu Aisha, nimechora kile kioo na miale ya mwanga inavyokigonga. Mwale wa kwanza unaenda sambamba na mhimili, unarudi kana kwamba umetoka kwenye fokasi, ile nukta iliyo nyuma ya kioo. Wa pili unaelekea kitovu cha mviringo, unarudi ulikotoka. Taswira inasimama wima nyuma ya kioo, na ni ndogo. Kioo hiki hupunguza kila kitu, basi kilipunguza hata nafasi iliyokuwa kati yao. Huenda walisimama mbali kabisa. Hapo nilipumua.

Kisha nikachora mwale kutoka jicho la Mariamu, ukagonga kioo, ukaja kwenye jicho langu. Mwanga hurudi kwa njia ile ile. Kama mimi niliyaona macho yake, naye aliweza kuyaona yangu.

Jioni ya leo, kabla sijachora, akipakua ugali, alisema, "Papa Aisha, muntu anarudi amenuna hivi, kuna nini? Mimi leo sikukuona Gihundwe hata kidogo."

Sikuwa nimemuuliza. Wala Gihundwe sikuitaja.