Lori la Baba Yako Limerudi Jipya

Nyumbani,
Jumatano asubuhi, tarehe 9.

Mwanangu mpendwa, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu za mama yako. Hujambo lakini? Kifua kimeachia? Mara ya mwisho kwenye simu nilikusikia ukikohoa, ukajifanya unacheka. Nikanyamaza, ila moyo haukutulia. Ukivaa sweta vaa na fulana ndani, usijione bado kijana. Na ule chakula, si chai na mkate tu kisha unakimbilia zamu. Mkwe wangu hajambo? Mjukuu wangu ameshaota meno, au bado anatafuna kamba za viatu vyako?

Sisi huku tu wazima. Mguu wangu ule unanisumbua nikiamka, ukipata joto unatulia. Dada yako akitoka kazini hupita kuniangalia, ananigombeza kama yeye ndiye aliyenizaa. Nyumba imekuwa kubwa siku hizi. Haijaongezwa chumba, ni ile ile, ila ndiyo hivyo.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ipo. Mwanangu, kwenye simu siwezi. Nikianza tu sauti inakata, wewe unauliza, "Mama, kuna nini?" na mimi nasema mafua. Mafua gani hayo yasiyoisha tangu tumzike baba yako? Kwa hiyo nimekaa na kalamu. Mwandiko wangu unaujua, vumilia. Barua nampa binti wa shangazi yako, anasafiri kuja huko.

Jambo lenyewe ni lori. Halijauzwa, usishtuke. Wala halijaungua. Lipo uani. Lakini tafuta pa kukaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Nakumbuka maneno yako baada ya mazishi, ulipokuwa unalia kwa sababu kazini walikunyima ruhusa. Ulisema, "Mama, lori la baba msiliguse. Nikija nataka nipande, nikae palepale alipokuwa anakaa. Kwangu mimi kaburi ndilo hilo." Neno hilo nililiweka moyoni. Nikifagia uani nazunguka matairi taratibu kama mtu amelala. Hata kuku nilimfukuza asitagie ndani.

Sasa wale wazee wa malori unawajua. Jumapili hawajaacha kuja. Wanakaa kwenye masanduku yao ya mbao chini ya kibanda, wanachafua beseni zangu kwa kulowekea nati, wanabishana yale yale ya miaka yote: lori gani lilipanda mlima na shehena bila kushusha gia, nani alifunga springi kwa kamba akafika salama. Mwalimu anatoa zile picha zake za malori ya zamani alizokata magazetini tangu ujana. Utingo naye, yule aliyekuwa utingo wa baba yako, kichwa kimejaa mvi lakini jina limemganda, anamwambia, "Mwalimu, wewe hata baiskeli huwezi, utatufundisha lori?" Mwalimu anamjibu, "Kweli siwezi. Lakini sijawahi kuliingiza mtaroni halafu nikasema barabara imehama." Wanacheka mpaka wanakohoa. Kisha wanakumbuka kwamba aliyekuwa akicheka kuliko wote hayupo, wanainamisha vichwa, mmoja anaomba maji ya kunywa.

Mwezi uliopita walinijia wote kwa pamoja, kofia mikononi kama watu waliokuja kuposa. Mwalimu ndiye aliyesema. "Shemeji, tunataka kumfanyia ndugu yetu jambo. Tangu augue lori lake halijawaka. Tuachie tulitengeneze." Nikaona ni wema. Nikawaambia mwanangu anakuja, anataka kukaa kwenye lori la baba yake. Nilidhani hapo nimesema yote. Mawazo yangu yalikuwa kwenye injini tu: watasafisha mabomba, wataweka betri, liwake, basi. Mimi ya malori nayajulia wapi, zaidi ya kulionea wivu? Si unajua nilivyokuwa nikiliita mke mwenzangu.

Wakalivuta mpaka karakana ya Fundi Rangi. Kumbe kusikia kwamba unakuja ndiko kulikowatia moto. Wazee wenye migongo mibovu, mwanangu, wanalala chini ya gari kama vijana. Nikiwapelekea chai wananizuia mlangoni. "Shemeji, usichungulie, bibi harusi hajavaa." Nami narudi nyumbani nacheka. Nilikuwa sijacheka muda.

Jumapili hii wakalirudisha. Honi mtaa mzima, watoto wanakimbia nyuma, majirani wametoka na khanga mabegani. Utingo ndiye aliyeendesha, amevaa suti ile aliyovaa kwenye mazishi. Wakalifunua turubai.

Mwanangu, liling'aa. Nisiwe mnafiki. Boneti unajiona uso. Taa mbili kama macho ya mtoto aliyetoka kuoga. Wale watu, lori zuri kwao ni lile lililo kama siku lilipotoka kiwandani. Hayo ndiyo mapenzi yao. Kila alichoongeza mtu ni doa, kila palipolika ni ugonjwa wa kutibu. Nao walikuwa wamelitibu.

Wakaniambia nipande mimi kwanza, kwa heshima. Dada yako akanishika kiuno, nikapanda. Nikakaa kwenye kiti cha dereva.

Kiti kilikuwa kigumu, kimesimama sawasawa pande zote. Si kile kilichobonyea kushoto kwa ajili ya nyonga yake mbaya, nilichokishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umeniishia, naye akasema afadhali, sasa lori lina hereni. Hakipo. Nikatafuta kwa mkono pale mlangoni alipokuwa akiegemeza kiwiko, rangi ilikuwa imelika mpaka bati likabonyea, likawa laini kama sahani. Pamewekwa bati jipya, likapakwa rangi. Kile kirungu cha gia alichokichonga kwa mti, kimewekwa cheusi kipya. Mbele juu ya kioo yale maandishi yake, TUTAFIKA TU, yameondoka, eti kiwandani halikutoka na maandishi. Na dashibodi, baba. Ile picha ya gari uliyoichora kwa msumari ukiwa mdogo, akakuchapa, kisha miaka yote akamkatalia Fundi Rangi asipitishe brashi juu yake. Nayo haipo. Dashibodi ni nyororo, unateleza kidole mwanzo mpaka mwisho.

Nikavuta pumzi nipate hata harufu yake. Nikapata harufu ya dukani.

Wale wazee wamesimama chini wananitazama, macho yamewatoka kama watoto wanaosubiri majibu ya mtihani. Mwalimu akauliza, "Unaonaje, shemeji?" Nikasema, "Limependeza." Wakapiga makofi. Mwalimu alilia, akasema, "Kijana akija atamkuta baba yake humu." Dada yako alikuwa ananishika mkono, aliubana mpaka nikasikia pete. Tukawapa chai, wakaondoka wanaimba.

Jumatatu Utingo akarudi peke yake, anasema amekuja kuangalia oili. Oili gani, hata boneti hakufungua. Alizunguka lori, akaja akakaa kwenye ngazi ya jikoni, mimi nachambua mboga. Akasema, "Jana nilikuona unapapasa mlango."

Nikamwambia nilikuwa najishikilia tu.

Akasema, "Shemeji, tumemtoa, eeh? Tumemtoa ndugu yangu ndani ya gari."

Niliendelea na mboga zangu, nikawa natupa majani mazuri naacha mabovu. Nilimuuliza vitu vya zamani viko wapi. Akaniambia kiti kilikuwa kimeoza springi, walikichoma nyuma ya karakana, na bati la mlango lilienda na watu wa chuma chakavu. Alisema alipokuwa anakibeba kile kiti alisikia kitu kinamkataza, lakini wenzake walikuwa na furaha, akaona aibu kuonekana mzee mwenye kununa. Halafu, mwanangu, akasimama ghafla akasema, "Nipe nyundo. Lile bonde la mlangoni nalijua lilipokuwa. Nitalirudisha palepale." Na alikuwa hatanii! Nilicheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Nikamwambia, "Keti, wewe. Ukiligonga wewe litakuwa ajali tu." Naye akacheka, akajifuta kwa ile tai ya mazishi, sijui kwa nini alikuwa bado ameivaa.

Tukakaa pale mpaka jua likaingia jikoni. Akanisimulia mambo ya baba yako ambayo mimi mkewe sikuyajua. Kwamba safarini alikuwa akiimba vibaya makusudi ili Utingo asilale. Kwamba siku uliyozaliwa alikuwa mbali na shehena ya saruji, alipopata habari akasimamisha lori katikati ya barabara akashuka, akampa Utingo usukani kwa mara ya kwanza, akisema mikono yake haina nguvu. Ndiyo siku ya ule mtaro. Barabara haikuhama hata kidogo. Wote wawili walikuwa wanalia.

Nilimwapisha asiwaambie wenzake. Wamelitengeneza kwa nguvu zilizowabakia, Mwalimu siku hizi akipanda ngazi anasimama katikati kama mtu aliyesahau kitu. Wakijua wamekosea itawamaliza. Kwao wamemrudisha ndugu yao. Waache wawe naye.

Ila wewe siwezi kukudanganya. Nimewaza nikufiche, ukija ujionee. Nikaona hapana, nitakuua. Utatoka huko kote na mizigo, upande na moyo wako mkunjufu, ukae, usikute mtu. Heri ulie huko ukiwa na mkeo wa kukushika. Na kinachonitia hofu zaidi ni hiki: usije ukasema basi, hakuna tena cha kujia. Mwanangu, usiseme hivyo. Nakuomba kama ninavyoomba Mungu.

Dada yako anakusalimu sana, anasema umwambie saizi ya viatu vya mtoto. Shangazi yako mkubwa anakusalimu, na jirani yetu mshonaji, yule uliyemvunjia kioo. Wazee wa malori wote wanakusalimu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya juu. Nisalimie mkwe wangu, mwambie bado namkumbuka kila nikinawa kwa ile sabuni aliyonitumia. Mbusu mjukuu wangu kwenye kisogo, huko ndiko babu yako wewe alikuwa akikubusu.

Ruhusa ukipata, njoo. Watakupokea getini na ufunguo wameufunga kitambaa, nimeshawaona wakikitafuta. Wapokee wote kwa mikono miwili. Panda, mwanangu, shika usukani, piga honi watoto wa mtaa wafurahi. Mwalimu atakuuliza unaonaje. Mtazame usoni, umwambie limependeza, limependeza sana, baba angefurahi. Sema kwa sauti, mmoja wao hasikii vizuri. Kisha shuka, uingie ndani, chumbani kwangu, ufunge mlango. Nitakuwa nimekaa kitandani nakungoja. Hapo ndipo utalia, na mimi nitalia na wewe, mpaka tuchoke.

Mungu akufunike popote ulipo, akurudishe miguu yako mwenyewe ikikanyaga uani kwetu.

Ni mimi nikupendaye tangu hujajua kupendwa,

Mama yako.