Darubini Juu ya Boneti

Mama mkwe mpendwa,

Niache nicheke kwanza. Miaka yote ile hatukusemeshana ana kwa ana hata siku moja, leo umeshaondoka ndiyo nakuandikia moja kwa moja. Ukiona vibaya huko uliko, geuza uso kama ulivyozoea.

Mimi mtu wa Singida bwana, desturi yenu ya Kinamwanga ilinitesa. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawazungumzi. Nikifika kwako Chitete na sukari na sabuni, wewe huyoo, mlango wa nyuma! Mwanao Eliza akawa ananiambia, "Ndiyo heshima yenyewe hiyo." Heshima gani ya kukimbiwa? Moyoni nilijua umenikataa, mtu wa kuja, muuza spea wa pale mjini Mpemba, kakuchukulia binti yako. Iliniuma, mama. Iliniuma sana.

Mwaka ule mvua zilipokatika, Eliza akataka tukupeleke kuona wanyama kwenye pori la akiba, kando ya Ziwa Rukwa. Ulikaa nyuma ya pikapu, umenipa mgongo njia nzima, na mashimo yale! Tulipofika, sheshe, swala wale wa mabondeni, walikuwa wametapakaa mbugani, wekundu wekundu kwenye majani yaliyoanza kukauka. Darubini tulikuwa nayo moja tu. Ukaangalia weee, ukacheka peke yako, halafu ukaiweka juu ya boneti na kusogea pembeni. Nikaichukua. Nikaangalia, nikairudisha pale pale, nikasogea. Hivyo hivyo mchana kutwa. Askari wa wanyamapori aliyetuongoza akamnong'oneza Eliza, "Hawa wamegombana?"

Mimi na kiherehere changu nikajisogeza kwenye matete nimwone dume mmoja vizuri. Mara nikasikia sauti yako:

"Wewe mgunga! Mwambie mume wa mwanangu arudi! Mbogo huyo! Mwambie nina mkwe mmoja tu, simtaki mwingine!"

Kuniita huwezi, basi umeugeukia mti, unaufokea kweli kweli. Nilitoka mbio, ndala moja ikabaki kwenye tope. Mbogo akajitokeza pale pale nilipokuwa nimesimama, akatuangalia, akaenda zake.

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nililia, nikasingizia mdudu kaingia jichoni. Simtaki mwingine! Kumbe miaka yote ile nilikuwa mtoto wako, mimi nahesabu mgongo tu.

Tangu siku hiyo nikifika kwako nausalimia mlango. "Hujambo mlango? Mwambie mama nimeleta sukari." Nawe ndani unaujibu ukuta huku unacheka. Nilipenda kicheko kile. Siku ya mazishi waliponikalisha mbali na jeneza sikubishana, nilikaa pale nikikusikiliza kama utacheka.

Nimekukumbuka mno wiki hii. Mvua zimekatika, nikamchukua Eliza tukarudi kule. Sheshe wapo, mama, na watoto wao. Nilipomaliza kuangalia, Eliza akanyoosha mkono apokee darubini. Sikumpa. Niliiweka juu ya boneti, nikasogea pembeni, nikatazama upande mwingine.

"Sasa ndiyo nini?" akauliza.

Nikamwambia, "Subiri kidogo. Zamu ya mama."

Ni mimi,
mkweo yule yule mmoja.