Injini Usiiguse

Kizota, Dodoma
9 Februari 1993

Mpendwa mdogo wangu Gabrieli,

Hujambo huko Tunduma? Huku tunaendelea, ila mama miguu inamsumbua.

Biashara imelala. Ushirika haununui tena mahindi, na wanunuzi wapya wanakuja na Fuso zao. Lori langu linasubiri mzigo wa Kondoa wiki nzima sasa, na tairi zimekwisha kabisa. Lako lipo tu uani, kuku wanataga chini yake. Niruhusu nichukue tairi na betri. Mambo yakitengemaa nitarudisha, haki ya Mungu.

Kaka yako,
Bernardo

Tunduma
1 Machi 1993

Shikamoo kaka,

Mpe mama pole. Mimi mzima, ingawa bosi ameanza kuuza malori, na sisi madereva tunatazamana tu.

Chukua tairi na betri. Lipandishe juu ya mawe. Ila injini usiiguse. Niliifunga kwa mikono yangu, na nikifukuzwa huku, ndiyo kazi pekee itakayonibakia. Wasalimie kuku.

Mdogo wako,
Gabrieli

Kizota
20 Juni 1993

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo kidogo.

Tairi zako zilinipeleka Kondoa. Mwezi wa tano nikachukua na gia boksi yako, nikaona aibu kukuandikia. Utingo aliyekuwa akinisaidia safarini ameacha kazi, amechoka kulala njaa juu ya magunia. Na jana injini yangu ilikufa nikiwa nimeshapakia sukari ya Mwantum, mteja pekee aliyenibakia. Nisipoifikisha Kondoa, anahamia kwa wenye Fuso, na hapo tumekwisha.

Najua ulivyosema. Ninapoandika, injini yako inaning'inia kwenye mnyororo wa gereji. Siwezi kusubiri jibu lako. Utanitukana siku ukirudi.

Kaka yako,
Bernardo

Tunduma
11 Julai 1993

Shikamoo kaka,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Barua yako imenikuta nimeshafunga begi. Bosi ameuza lori nililokuwa naendesha. Nilishawatambia wenzangu wote kwamba narudi nyumbani kuendesha la kwangu.

Nimekukasirikia, kaka. Kisha nikajiuliza ningekuwa wewe ningefanyaje, nikaona nami ningeichukua injini. Hilo limeniuma zaidi.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho; mimi nakuja Alhamisi. Mama usimwambie lori langu limebaki bodi tupu. Mwambie nakuja kulitengeneza.

Na ile nafasi ya utingo, tafadhali usimpe mtu.

Mdogo wako,
Gabrieli