Shamba Lililongoja Ndege

Atlanta, Amerika
12 Machi 1953

Shikamoo baba, na ya mama umfikishie. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nyumbani hamjambo?

Nikitoka masomoni nafagia kiwanja cha ndege. Baba, nikizitazama nasahau ufagio! Zinatua na kupaa kutwa nzima, na wasafiri wa miji yote ya kusini hubadilishia ndege hapa. Mzee Abrahamu, mfagiaji mwenzangu, anasema zamani palikuwa uwanja wa mashindano ya magari. Na hii kampuni ya ndege ya Delta haijatimiza miaka thelathini. Ilianza kwa kunyunyizia dawa wadudu wa pamba! Nyingine kubwa, zile za Chicago, zilianza kwa kubeba mifuko ya barua. Ukubwa wote huu wa Delta, baba, chanzo chake shamba. Mungu ana mambo.

Weusi tunakula kwa kutengwa. Hilo tutazungumza ana kwa ana. Masomo yanaisha Desemba.

Mwanao, Danford


Msangano
30 Mei 1953

Marahaba mwanangu. Tu wazima, ni mgongo tu wa mama yako. Barua yako niliisoma mbele ya watu baada ya ibada. Jirani yetu Timotheo akasema unatutania. Nikamwambia mwanangu ni mtu wa utani, si wa uongo.

Kama wenzetu walianzia shambani, sisi tumekosa shamba? Lile nililokutengea ujenge nyumba nimeligeuza kiwanja cha ndege. Mama yako alipika togwa, watu wakaja na majembe, tukang'oa visiki na kusawazisha hatua mia sita. Msimu ujao hatupandi ulezi pale. Desemba mwambie dereva wa ndege yako ashukie nyumbani.

Baba yako, Efraimu


Atlanta
2 Agosti 1953

Shikamoo baba. Natumaini mgongo wa mama umepoa.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa. Ndege za huku zinataka njia ya zege ndefu mno. Haziwezi kutua Msangano. Kosa ni langu, sikukueleza vizuri. Nawasihi mpande ulezi.

Na kuna neno jingine. Desemba siji. Nimepata kazi, na sijui kama nitarudi. Nisamehe.

Mwanao, Danford


Msangano
9 Oktoba 1953

Marahaba Danford. Afya zetu njema.

Barua yako ilichelewa. Siku moja kabla haijafika, ndege ilitua. Haki ya Mungu! Ndogo, ya wale wawinda nzige wa Rukwa, wanaowanyunyizia dawa. Moshi wa moto wa nyika ulimpoteza rubani. Ilizunguka mara mbili, ikashukia kiwanjani kwako. Mama yako alikimbia na mgongo wake ule, akiita, "Danford! Danford wangu amekuja!"

Akashuka kijana wa Kizungu. Mama yako akamshika mikono, akamtazama usoni, akaenda kumletea maji.

Rubani alikunjua ramani akauliza hapa panaitwaje. Nikasema, kwa Danford. Akaandika.

Kesho yake nikasoma barua yako. Nilikasirika, sikufichi. Sasa mvua zi karibu na mama yako ameshatoa mbegu. Anauliza tupande pale, au tusipande? Jibu wewe.

Baba yako, Efraimu


Atlanta
4 Novemba 1953

Shikamoo baba, shikamoo mama.

Msipande. Kazi nimeiacha. Nakuja kwa meli, kisha treni hadi Dodoma, basi hadi Mbeya, na kutoka hapo hata kwa miguu. Nitajenga nyumba pale.

Njaa ikija, itukute sote.

Mwanenu, Danford